Mbona rubani avue barakoa na dereva wa matatu avae?

Swali lilianza na picha. Ndege za kimataifa ziliporuhusiwa tena nchini Agosti 1, 2020, wasikilizaji wetu walikuwa wakitumiana kwenye simu picha ya marubani wawili. Wameketi mbele ya vioo na saa nyingi za ndege, wanatabasamu, na hakuna hata mmoja aliyevaa barakoa.

Jumanne asubuhi mzee mmoja akatupigia akiwa shambani. "Mtangazaji," akasema, "mimi nikishusha barakoa kwenye matatu ninywe maji, naambiwa faini ni shilingi 20,000. Hawa wawili wamefungiwa kwenye chumba kidogo kwa saa nane. Kwani corona inaogopa kofia ya rubani?"

Tulicheka studioni, lakini swali lenyewe si la kucheka. Nyuma yake kulikuwa na jambo lililowasumbua wengi tangu Machi mwaka huo: je, masharti yale yalikuwa ya kulinda afya, au yaliwekewa wanyonge tu?

Dakika chache baadaye dereva wa matatu naye akapiga. Yeye hakuwa na mzaha. "Kama rubani anavua kwa sababu yuko mbele anaendesha, basi na mimi niko mbele naendesha. Nivue?" Nilimwahidi jibu kamili. Hili hapa.

Mlango unaobadilisha sharti

Kwa abiria wa ndege hakukuwa na mjadala. Mwaka 2020 barakoa ilikuwa lazima katika maeneo ya umma na katika usafiri wa umma, na ndege ni usafiri wa umma. Abiria aliivaa tangu uwanjani hadi alipotoka upande wa pili, isipokuwa alipokula au kunywa. Wahudumu waliopita kati ya viti waliivaa pia. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambalo liko chini ya Umoja wa Mataifa, lilitoa mwongozo wa kurejesha safari Juni 1, 2020, na barakoa ilikuwamo katika mambo liliyopendekeza.

Marubani nao walivaa walipokatiza uwanjani na walipopanda ndege. Tofauti ilianza mlango wa chumba chao ulipofungwa. Hapo mashirika mengi duniani yaliwaruhusu kuivua, na mengine yaliwaachia waamue wenyewe. Kwa nini mlango ubadilishe sharti? Ili kuelewa, inabidi kwanza tuzungumzie hewa.

Mlima Kenya mara mbili

Ndege kubwa ya abiria husafiri kwenye kimo cha futi 35,000 hivi, yaani takriban mita 10,700. Mlima Kenya una mita 5,199. Ukiubeba Mlima Kenya mmoja ukauweka juu ya mwingine, ndege hiyo bado inapita juu ya vyote viwili.

Waliowahi kupanda mlima huo wanajua mwili unavyolalamika karibu na kilele. Kichwa kinauma, pumzi inakuwa fupi, miguu inakuwa mizito. Huko ndege inakopita hewa ni nyembamba zaidi kwa mbali, na mtu hawezi kuishi humo bila msaada.

Kinachotuweka hai ndani ya ndege ni hewa inayoshindiliwa kwa mitambo, hadi iwe kama tuko kwenye kimo kisichozidi futi 8,000, yaani mita 2,400 hivi. Ukitaka kujua hewa hiyo ikoje, muulize mtu wa Nyahururu. Mji wake uko kwenye kimo kinachokaribia hicho, naye anaipumua kila siku akiwa anachunga ng'ombe.

Sasa tuseme hewa hiyo imevuja ghafla. Dirisha limepasuka, au mtambo wa kushindilia hewa umekwama. Kwenye futi 35,000 mtu anabaki na sekunde kati ya 30 na 60 za akili timamu. Baada ya hapo anaweza kuwa bado amefumbua macho, lakini hawezi kufanya kazi yenye maana. Kibaya zaidi ni kwamba huenda asijisikie mgonjwa. Wengine hujihisi wachangamfu, kama mtu aliyekunywa kidogo, na hawatambui kwamba akili imeanza kuzima.

Sekunde tano, mkono mmoja

Kwa sababu hiyo, kila rubani ana barakoa ya oksijeni kando ya kiti chake. Si kama ile ya manjano inayomwangukia abiria kutoka juu. Ya rubani inabana uso sawasawa na ina maikrofoni ndani yake. Sheria za anga za Marekani zinataka rubani aweze kuivaa kwa mkono mmoja, ndani ya sekunde tano, ikiwa imekaa vizuri usoni na inatoa oksijeni. Mkono wa pili unabaki kwenye kazi ya kuiongoza ndege.

Mvike rubani huyo barakoa ya kitambaa. Kengele inalia. Kamba za kitambaa ziko nyuma ya masikio, chini ya hedifoni, pengine na miwani juu yake. Lazima avue hiyo kwanza ndipo avae ya oksijeni. Akiisahau usoni, kitambaa kinakaa kati ya ngozi na mpira wa barakoa ya oksijeni, na hapo hewa inaweza kuvuja.

Tuseme ukweli: kuvua kitambaa ni kazi ya sekunde mbili au tatu, na rubani mwenye utulivu angeiweza. Hatari haiko kwenye sekunde hizo pekee. Iko kwenye kuongeza hatua mpya katika jambo ambalo marubani wamelifanyia mazoezi kwa miaka bila hatua hiyo. Mtu akishtuka hufanya alichozoea, na wahenga walishasema mazoea yana taabu.

Ndege mbili zilizoishiwa hewa

Haya si mambo ya kufikirika. Agosti 14, 2005, ndege ya shirika la Helios Airways iliondoka Larnaca, Cyprus, kwenda Athens, Ugiriki. Swichi ya mtambo wa kushindilia hewa ilikuwa imeachwa mahali pasipofaa baada ya mafundi kuukagua, na marubani hawakuliona hilo kabla ya kuruka. Ndege ilipokuwa ikipanda, kengele ya onyo ililia. Marubani wakadhani inahusu jambo jingine. Wakawa wanazungumza na mafundi waliokuwa chini huku akili zao zikififia, na hawakuvaa barakoa za oksijeni.

Walizimia. Ndege iliendelea kujiendesha yenyewe angani. Ndege za kijeshi za Ugiriki zilipoikaribia, zilimwona rubani msaidizi amelala kwenye kiti chake, na kiti cha kapteni hakikuwa na mtu. Mafuta yalipoisha, ndege ilianguka. Watu wote 121 waliokuwamo walikufa.

Linganisha na Aprili 17, 2018, nchini Marekani. Injini moja ya ndege ya Southwest iliharibika angani, vipande vikapasua dirisha, na hewa ikatoka kwa kishindo. Marubani walivaa barakoa zao za oksijeni, wakaishusha ndege haraka hadi kwenye hewa inayofaa kupumua, kisha wakatua Philadelphia. Abiria mmoja alipoteza maisha, lakini wengine wote 148 walitoka hai.

Katika ajali ya Helios hakukuwa na barakoa ya kitambaa, na sisemi kitambaa kingesababisha ajali kama ile. Ninachosema ni kwamba kazi ya rubani ina dakika moja ambayo, ikiharibika, hakuna ya pili. Mwenye kuandika kanuni lazima aifikirie dakika hiyo hata kama rubani wengi watastaafu bila kuiona.

Tatu au tano?

Kuna sababu ya pili, na hii ninaijua kutokana na kazi yangu mwenyewe. Corona ilipoingia nchini tulivaa barakoa studioni tulipokuwa wawili. Wiki ya kwanza wasikilizaji walilalamika kwamba sauti zetu zimezibwa. Mmoja aliuliza kama gunia la viazi limefika elfu tatu au elfu tano, maana hakusikia vizuri. Tulirudi hewani tukarekebisha, hakuna aliyeumia.

Rubani naye anafanya kazi kwa redio. Anapewa na mnara wa kuongozea ndege kimo cha kushuka, upande wa kugeukia na namba ya njia ya kutua. Anazirudia ili mnara uhakikishe amesikia. Halafu anamwambia mwenzake. Karibu kila neno muhimu ni tarakimu. Kati ya futi elfu tatu na elfu tano panaweza kuwa na mlima.

Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya ndege za abiria ilikuwa na tatizo la kusikilizana ndani yake. Machi 27, 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia wakati wa ukungu. Rubani wa KLM alianza kukimbiza ndege akidhani ameruhusiwa kuruka. Wakati huo huo mnara na marubani wa Pan Am walizungumza kwa pamoja kwenye redio, sauti zikagongana, na ujumbe ambao ungeweza kuizuia ndege ya KLM haukusikika sawasawa. Watu 583 walikufa.

Tangu wakati huo usafiri wa anga umejitahidi sana kuhakikisha kwamba maneno ya rubani yanasikika na kueleweka. Kitambaa mbele ya mdomo kinarudisha tatizo hilo nyuma kidogo. Kidogo, lakini katika kazi isiyotaka hata hicho kidogo. Ongeza miwani inayopata ukungu kwa pumzi ya mvaaji wakati wa kutua usiku, na utaona kwa nini wenye mashirika walisita.

Lakini rubani naye ni binadamu

Hadi hapa mtu anaweza kudhani ninawatetea tu. Hapana. Mzee wetu wa Jumanne ana hoja. Marubani wawili hukaa umbali wa kama mita moja, bega kwa bega, kwa muda mrefu. Hawawezi kusogeleana mbali. Na ugonjwa huu hauchagui mshahara. Mwanzoni mwa Aprili 2020, Kenya ilimpoteza kapteni wa Kenya Airways kwa COVID-19, siku chache baada ya kuwarejesha nyumbani Wakenya kutoka New York. Alikuwa amekwenda kuwachukua wenzetu wakati mipaka inafungwa.

Kwa hiyo, ukimwondolea rubani barakoa, ni lazima umpe kinga nyingine. Zipo kadhaa.

Ya kwanza ni hewa yenyewe. Hewa ndani ya ndege kubwa hubadilishwa kila baada ya dakika mbili au tatu. Ile inayorudishwa kwa abiria hupitishwa kwenye vichujio vinavyoitwa HEPA, ambavyo hunasa asilimia 99.97 ya chembe ndogo sana. Chumba cha rubani katika ndege nyingi kubwa hupata hewa nyingi kwa kila mtu kuliko sehemu ya abiria. Hili linapunguza hatari, ingawa haliimalizi.

Ya pili ni usafi wa vifaa. Kila rubani atumie hedifoni yake. Vitufe, usukani na barakoa ya oksijeni vifutwe kwa dawa kila marubani wanapopokezana, maana barakoa ya oksijeni iliyovaliwa na mtu mwingine asubuhi inaweza kuwa hatari kuliko uso mtupu.

Ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa, ni kwamba rubani anayekohoa asije kazini. Hili linasemwa kirahisi. Mwaka 2020 mashirika ya ndege kote duniani yalikata mishahara na kupunguza wafanyakazi. Rubani akijua kwamba kukaa nyumbani siku 14 kutamnyima riziki, ataficha kikohozi chake, kama vile dereva wa boda boda anavyoficha. Shirika linalowaruhusu marubani kuvua barakoa, halafu halimlipi anayeugua, limefanya nusu ya kazi.

Ruhusa inaishia mlangoni

Basi uamuzi wangu ni upi? Naona ruhusa hii ni halali, ila ina mipaka mitatu.

Kwanza, inaishia mlangoni. Rubani akitoka kwenda msalani, avae. Mhudumu akiingia kumpelekea chai, wote wavae kama hali ya safari inaruhusu. Uwanjani, kwenye basi la wafanyakazi na hotelini, rubani ni mtu kama mimi na wewe. Kofia yake haimkingi.

Pili, ni ruhusa, si katazo. Rubani mwenye mzazi mgonjwa nyumbani, au anayemwona mwenzake ana mafua, awe huru kuvaa wakati ndege imetulia angani. Ila shirika limpe mazoezi ya kuvua ya kitambaa na kuvaa ya oksijeni hadi mkono uzoee.

Tatu, ielezwe. Hapa ndipo naona wakubwa wetu wamekosea. Mwezi Julai 2020, safari za ndege za ndani ziliporejea, wananchi waliuliza kwa nini matatu ya abiria 14 ibebe 8 ilhali ndege haiachi viti wazi kwa kiwango hicho. Jibu la vichujio vya hewa lipo, lakini lilichelewa kufika vijijini, na pengo likajazwa na uvumi kwamba matajiri wamepewa sheria yao. Mtu akishaamini hivyo, barakoa yake inashuka kidevuni. Hapo hatujapoteza hoja ya ndege tu. Tumepoteza soko, kanisa, msikiti na matatu.

Na dereva wa matatu je?

Sasa nakujibu, ndugu yangu dereva. Rubani havui kwa sababu yuko mbele. Anavua kwa sababu anaweza kuhitaji oksijeni ndani ya sekunde chache, kwa sababu mnara lazima umsikie, na kwa sababu kati yake na abiria kuna mlango imara uliofungwa. Wewe huna hata moja kati ya hayo. Hewa yako haiishi barabarani. Abiria wako wanakupumulia kisogoni, makanga anakupitishia noti, na kila kituo anaingia mtu mpya. Vaa barakoa.

Na usisahau kichujio chako. Ndege ina HEPA. Matatu ina dirisha. Najua Agosti huku nyanda za juu baridi inauma, na abiria wa nyuma anapiga kelele dirisha lifungwe. Mwambie avae sweta. Dirisha lililofunguliwa kiasi cha vidole vinne kila upande linasaidia kuliko dua ya kimya kimya.

Kwa wale ambao watoto wao wanapanda ndege kwenda kutafuta kazi Ghuba au masomoni, kuna jambo moja la kuwaambia kabla hawajaondoka. Barakoa za oksijeni zikianguka kutoka juu, avue ya kitambaa kwanza, avae ya oksijeni yake, halafu ndipo amsaidie mtoto au jirani. Asivae moja juu ya nyingine. Mwambie airudie kwa mdomo wake hadi uridhike, kama rubani anavyourudishia mnara maneno yake.

Yule dereva nilimpigia jana jioni nikamsomea jibu hili. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa. Ila hilo la dirisha uwaambie abiria wewe mwenyewe, mimi hawanisikii." Basi abiria, mmesikia.